Kipimo cha Somo ni Mwanafunzi

Katika nyumba nyingi kuna neno lisemwalo upesi sana, nalo ni hili: "Mtoto huyu hana akili." Lasemwa juu ya kijana aliyepelekwa kwa fundi cherehani, akakaa miezi mitatu, akarudishwa kwao kwa kuwa mshono wake ungali ukienda upogo. Lasemwa juu ya binti wa darasa la pili asiyeweza kuumaliza mstari mmoja bila ya kusimama mara nne. Neno hilo likiisha kutoka kinywani, ni shida kulirudisha. Baba huacha kumlipa fundi, mwalimu huacha kumwita mtoto mbele ya ubao, na mtoto mwenyewe huanza kuliamini. Hasara yake si ndogo. Mtu huweza kuishi miaka 60 bila ya kazi ambayo mikono yake ingaliweza kuijua, kwa sababu ya neno aliloambiwa alipokuwa na umri wa miaka minane.

Sisi tulio walimu, na ninyi mlio wazazi, yatupasa kuuliza swali moja kabla ya kulitamka neno hilo: Je, aliyeshindwa ni mwanafunzi, au kilichoshindwa ni kipimo cha somo? Mtoto mchanga akipewa ugali mgumu akautema, hatusemi kwamba hajui kula. Twampikia uji, naye hunywa, na siku zake zikitimia hula ugali pamoja na sisi. Lakini katika mafundisho ya kazi, mara nyingi twampa kila mtu tonge lile lile kwa saa ile ile, kisha twawacheka waliokabwa.

Ili jambo hili lisiwe maneno matupu, tumechagua kazi moja ambayo watu wameipima kwa uangalifu zaidi ya miaka 100, tuone imewafundisha nini juu ya mwendo wa somo. Kazi hiyo ni ile ya kupokea na kupeleka habari kwa alama za simu.

KAZI YA SIMU

Wazee wetu wa pwani waliijua kazi hii mapema. Mwaka 1879 waya ulilazwa chini ya bahari kuiunganisha Aden na Durban kupitia Unguja, na tangu hapo habari za mbali zilifika kisiwani kwa muda wa saa, si kwa majuma ya safari ya merikebu. Neno "simu" lenyewe, kabla ya kuwa jina la chombo cha kusemea, lilikuwa jina la waya huo na la habari zilizopita ndani yake.

Alama zenyewe ni sauti mbili tu, fupi na ndefu, na ile ndefu hukaa muda wa fupi tatu. Herufi E ni sauti moja fupi. Herufi T ni sauti moja ndefu. Herufi A ni fupi na ndefu. N ni ndefu na fupi. Herufi Q ni ndefu mbili, kisha fupi, kisha ndefu. Alama hizi huitwa kwa jina la Samuel Morse wa Marekani, ambaye mwaka 1844 alipeleka habari kwa waya kutoka Washington hata Baltimore. Meli ziliacha kuzitegemea alama hizo katika kuomba msaada mwaka 1999, lakini wapenzi wa redio katika nchi nyingi wangali wakizitumia, na kila mwaka wapo wanaoanza kujifunza.

Kazi hii yafaa kwa mfano wetu kwa sababu haina maficho. Karani wa simu husikiliza, naye huandika asikiacho. Ama amelisikia neno ama hakulisikia. Kujidai hakumfai kitu. Tena ujuzi wake huhesabiwa kwa tarakimu, yaani idadi ya maneno anayoyapokea katika dakika moja. Kwa hiyo mwalimu aweza kuuona mwendo wa mwanafunzi wake juma kwa juma, kama mkulima aonavyo urefu wa mhindi.

UWANDA KATIKATI YA KILIMA

Mwaka 1897 na mwaka 1899, watu wawili wa jimbo la Indiana katika Marekani walitoa habari za uchunguzi wao. Mmoja ni William Lowe Bryan, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Indiana. Wa pili ni Noble Harter, ambaye zamani alikuwa karani wa simu yeye mwenyewe. Waliwapima wanafunzi wa simu majuma mengi, wakaandika hesabu zao, kisha wakachora mstari kuonyesha jinsi ujuzi ulivyopanda.

Katika kazi ya kupeleka habari, mstari ulipanda vizuri kama njia ya kilimani. Katika kazi ya kupokea, waliona ajabu. Mstari ulipanda, kisha ukakaa sawasawa kwa majuma kadha wa kadha, kana kwamba mwanafunzi amefika uwandani. Alifanya mazoezi kila siku, lakini hesabu yake haikuzidi. Kisha mstari ukaanza kupanda tena.

Bryan na Harter walieleza sababu yake hivi. Mwanafunzi mpya husikia herufi moja moja. Akiisha kuzizoea, sikio lake huanza kuzikusanya herufi na kusikia neno zima kwa mara moja, kama sisi tusikiavyo jina la rafiki yetu bila ya kulitenga silabi. Karani mzoefu huenda mbele zaidi, akasikia mafungu ya maneno. Majuma yale ya uwandani hayakuwa ya bure: ndani ya mwanafunzi herufi zilikuwa zikifungamana kuwa maneno, na fungamano hilo lilikuwa halijaonekana nje. Wakasema tena jambo la kusikitisha. Uwanda huo ulitokea chini kidogo ya mwendo uliotakiwa katika njia kuu za simu, na ni hapo hasa wanafunzi wengi walipokata tamaa wakaiacha kazi, wakiwa wamebakiza hatua chache tu.

Haifai kuligeuza jambo hili kuwa sheria ya watu wote. Wapimaji wa baadaye hawakuuona uwanda kwa kila mwanafunzi, na mwaka 1958 mtaalamu mmoja wa Marekani, Fred Keller, aliandika kuwaonya walimu wasiuhesabu kuwa ni lazima. Pengine mwanafunzi husimama kwa sababu mafundisho yenyewe ni mabaya. Lakini onyo hilo haliliondoi fundisho, bali laliongeza. Mwanafunzi akisimama, kazi ya mwalimu ni kuchungua kabla ya kuhukumu. Je, anafungamanisha aliyokwisha kuyajua, hata yafaa tumngoje? Au tumempandisha juu ya daraja bovu, hata yafaa turudi tukalitengeneze?

Binti yule wa darasa la pili asimamaye mara nne katika mstari mmoja, huenda yuko mahali hapo hapo. Silabi amekwisha kuzijua, walakini neno zima halijamjia. Asukumwe kwenye kitabu kigumu zaidi, atakimbia. Arudishwe kwenye a-e-i-o-u, ataona haya. Limfaalo ni kusoma mengi ya daraja lile lile alilonalo: hadithi fupi za maneno anayoyajua, leo hii, kesho ile, hata macho yazoee kuliona neno zima.

POLEPOLE YA KWELI NA POLEPOLE YA UONGO

Sasa twafika penye jambo ambalo walimu wengi wenye huruma hulikosa. Mwalimu mwema akiona mwanafunzi wake ameshindwa, husema, "Twende polepole." Neno hilo ni jema, walakini polepole ni za namna mbili.

Walimu wengi wa simu walikuwa wakiwaanzisha wanafunzi kwa sauti za kukokota. Herufi Q ilipigwa polepole sana: ndefu, kimya, ndefu, kimya, fupi, kimya, ndefu. Mwanafunzi akapata nafasi ya kuhesabu. Akahesabu ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja, akatazama katika kumbukumbu zake, akasema, "Q." Alionekana kufaulu, lakini alichojifunza ni kuhesabu. Mwendo ulipozidi, hakuwa tena na nafasi ya kuhesabu, akakwama. Naye hakuweza kwenda mbele ila kwa kuiacha desturi ya kwanza na kuanza upya kuisikia Q kama sauti moja.

Katika miaka ya 1930, Mjerumani mmoja, mtaalamu wa elimu ya nafsi, jina lake Ludwig Koch, alifuata njia nyingine. Alimpa mwanafunzi herufi mbili tu, lakini akazipiga kwa mwendo wa kazi yenyewe tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi hakuwa na nafasi ya kuhesabu. Ilimpasa kuzisikia kama sauti mbili tofauti, kama mtu atambuavyo sauti ya mbuzi na sauti ya ng'ombe. Alipoweza kuandika barabara herufi 90 katika 100, aliongezewa herufi ya tatu. Alipozishika tatu kwa kadiri hiyo hiyo, aliongezewa ya nne. Wepesi wa mmoja haukumharakisha mwenzake, na uzito wa mmoja haukumfungia mwingine njia.

Kuna njia nyingine ijulikanayo kwa jina la Farnsworth. Humo kila herufi hupigwa kwa mwendo wake wa kweli, lakini baina ya herufi na herufi huwekwa kimya kirefu, ili mwanafunzi apate kufikiri. Kimya hicho hupunguzwa kidogo kidogo kadiri anavyoendelea.

Wasomaji, tazameni vizuri tofauti yake. Njia hizi mbili ni za polepole, lakini hazikuivunja kazi. Ya kwanza ilipunguza idadi. Ya pili ilipanua nafasi. Sauti ya herufi ilibaki ile ile ambayo karani ataisikia maisha yake yote. Hiyo ndiyo polepole ya kweli. Polepole ya uongo ni ile inayoigeuza kazi hata isifanane tena na yenyewe, mwanafunzi akajifunza kitu kingine ambacho baadaye lazima akisahau.

Mafundi wetu wengi wanaijua hekima hii ijapokuwa hawajapata kusoma habari za Koch. Mama amfundishaye binti yake kusuka ukili humpa miyaa michache, asimpe fungu zima. Lakini mkunjo wa vidole ni ule ule wa mkeka mkubwa. Fundi cherehani humpa mwanafunzi karatasi, naye hushona bila ya uzi akifuata mistari. Hana haja ya kuogopa kuharibu kitambaa cha mtu, lakini mguu wake na mkono wake vinafanya yale yale watakayofanya siku ya kushona kanzu.

Hata katika kusoma ni vivyo hivyo. Haifai mtoto akaririshwe silabi zote za ubao miezi mingi pasipo kukutana na neno lenye maana. Mpe silabi nne tu: ba, ka, la, ma. Kwa hizo nne aweza kusoma baba, mama, kaka, lala, kama, na mwisho wa juma aweza kusoma habari nzima: "Baba kalala kama kaka." Ni habari ndogo, lakini atacheka, kwa kuwa amesoma kweli. Kisha mwongezee silabi ya tano.

JIBU LISIKAWIE

Yule Keller tuliyemtaja alifundisha alama za simu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na jeshi la Marekani likaipokea njia yake. Desturi ya zamani ilikuwa kuwapigia wanafunzi herufi nyingi mfululizo, kisha kuyasahihisha madaftari mwishoni. Keller alifanya hivi: sauti ya herufi moja husikika, kimya kidogo, mwanafunzi aandike, papo hapo mwalimu hulitaja jina la herufi ile. Aliyeandika sawa huthibitika, na aliyekosa hujirekebisha kabla kosa halijapoa. Kosa likikaa siku tatu pasipo kuguswa, huota mizizi kama gugu, na kuling'oa ni kazi kuliko kupanda upya.

Mwaka 1964 Keller na wenzake walianzisha mafundisho ya namna mpya katika Chuo Kikuu cha Brasília, nchi ya Brazil. Naye mwaka 1968 akaandika makala yaliyosomwa sana juu ya njia hiyo. Somo lote liligawanywa mafungu madogo. Mwanafunzi alisoma fungu la kwanza kwa mwendo wake, akaomba kupimwa. Akilishika barabara, alipewa la pili. Asipolishika, alirudi kusoma, akapimwa tena, bila ya kuandikiwa aibu yoyote. Waliopima walikuwa wanafunzi wenzao waliokwisha kuyamaliza mafungu yale.

Wengi walinufaika kwa njia hiyo, lakini dosari yake ikaonekana: wako waliosema "kesho" hata muhula ukaisha. Basi, kumfuata mwanafunzi kwa mwendo wake si kumwacha peke yake njiani. Mchungaji mwema hutembea kwa mwendo wa kondoo aliyechoka, walakini bado anatembea, naye anajua zizi liko wapi. Mwanafunzi awe na tarehe za kupimwa; anapopimwa, apimwe kwa fungu alilolifikia.

SAA MOJA KILA SIKU

Tumesema juu ya ukubwa wa tonge. Sasa tuseme juu ya saa za kula. Ushahidi mzuri ulitoka Uingereza mwaka 1978. Posta ya nchi ile ilikuwa imeleta mashine za kuchambua barua, na watumishi wake walitakiwa kujifunza kupiga taipureta alama za herufi na tarakimu. Alan Baddeley na D. J. A. Longman waliwagawa watumishi katika makundi manne. Kundi moja lilijifunza saa moja tu kwa siku. Jingine lilijifunza saa mbili mfululizo mara moja kwa siku; jingine saa moja mara mbili; na la mwisho saa mbili mara mbili, yaani saa nne kwa siku.

Kundi la saa moja kwa siku lilijifunza katika saa 55 kiasi ambacho kundi la saa nne kwa siku lilikihitaji saa 80. Saa 25 za wale wengine zilimwagika kama maji yanayojazwa katika mtungi uliokwisha kujaa. Akili ya mtu huhitaji muda wa kupumzika ili ilishike lililoingia. Tena kulikumbuka jambo kesho yake, baada ya kulisahau kidogo, kwalikaza kuliko kulirudia mara kumi kwa siku moja.

Lakini yafaa kusema pande zote mbili. Saa 55 kwa saa moja kila siku ya kazi ni majuma 11. Saa 80 kwa saa nne kila siku ni majuma manne. Mwenye haraka ya tarehe aweza kuchagua njia ya pili, mradi ajue kwamba anailipia bei kubwa ya saa. Jambo jingine tena: waliojifunza saa moja kwa siku ndio walioridhika kidogo kuliko wote na mafunzo yao. Waliwaona wenzao wakitangulia kwa hesabu ya siku, wakadhani wao ni wazito, ijapokuwa kwa hesabu ya saa wao ndio waliokuwa wepesi. Basi mwalimu asiitumie furaha ya mwanafunzi kuwa kipimo chake cha pekee. Amwonyeshe kwa daftari: "Tazama, juma lililopita ulipiga maneno mangapi, na juma hili mangapi?"

Kwa nyumba zetu jambo hili lina faida kubwa, maana halihitaji fedha. Robo saa ya kusoma kila jioni baada ya chakula yamfaa mtoto kuliko saa mbili za Jumamosi zinazoisha kwa machozi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hakina budi kujazwa haba kwa haba.

DARASA LENYE WENGI

Huenda mwalimu mmoja akasema, "Hayo ni ya mtu mwenye mwanafunzi mmoja. Mimi nina watoto 70 katika chumba kimoja." Neno lake ni la haki, nasi hatulipuuzi. Lakini hata hapo pana msaada, na ushahidi wake umetoka hapa kwetu Afrika ya Mashariki.

Katika mwaka 2005 ulianza uchunguzi katika shule 121 za msingi huko magharibi ya Kenya. Shule hizo zilipata mwalimu wa ziada, hata darasa la kwanza likagawanywa mafungu mawili. Katika nusu ya shule, watoto waligawanywa kwa bahati tu. Katika nusu nyingine, waligawanywa kwa kadiri ya alama zao za mwanzo. Wachunguzi, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, walitoa habari zao mwaka 2011. Baada ya miezi 18, watoto waliogawanywa kwa kadiri ya ujuzi walikuwa wamewapita wenzao wa shule nyingine. Wengi walidhani fungu la chini litazama, lakini mafungu yote mawili yalifaidika, na wale wa chini walizidi hasa katika mambo ya msingi. Wachunguzi walieleza kwamba mwalimu, akiwa na watoto walio karibu karibu kwa ujuzi, huweza kulishusha au kulipandisha somo mahali walipo.

Asiye na mwalimu wa pili aweza kufanya kwa sehemu ya siku. Huko India, chama kiitwacho Pratham kimewapanga watoto kwa muda fulani wa siku kufuata kadiri wawezavyo kusoma, si kufuata umri wala darasa: hawa ni wa herufi, hawa ni wa maneno, hawa ni wa habari nzima. Mtoto akivuka, huhama kundi lake mara moja. Jambo hilo la kuhama ndilo la maana. Kundi lisiwe zizi la kumfungia mtoto, wala lisipewe jina la kumtia haya. Na mwalimu aliye peke yake awatumie waliokwisha kuvuka wawasaidie wenzao, kama ilivyofanyika kule Brasília. Naye amfundishaye mwenzake hujifunza mara ya pili.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi, wapenzi, tukusanye tuliyoyaona. Kabla ya kufundisha, jua mwanafunzi amefika wapi. Usiulize umri wake, mpe kazi ndogo uione mikono yake. Mpe sehemu ndogo, lakini iwe ya kazi yenyewe katika umbo lake la kweli. Usimwongezee hata aishike ile ya kwanza mara 9 katika 10. Mjibu papo hapo, kwa sauti ya upole. Gawa saa zake katika siku nyingi. Akisimama, chungua, akivuka, mhamishe. Na kila juma andika hesabu, ili yeye na wewe muone njia mliyoipita.

Mtu huweza kusema kwamba mwendo huu utawalea watoto wavivu. Sisi twaona sivyo. Anayetakiwa kushika mara 9 katika 10 kabla ya kupita, amepewa sheria kali kuliko yule anayesukumwa mbele pamoja na darasa ijapokuwa hakushika kitu. Mvivu halisi hupenda sana darasa lisilompima, kwa maana humo aweza kujificha.

Tena kumbukeni kwamba walio wepesi nao wana haki yao. Mtoto aliyekwisha kushika naye akazuiwa kungoja miezi mitatu, huchoka, hucheza, huadhibiwa, na mwisho huambiwa yeye naye ni mbaya. Kipimo kilicho kidogo mno chamwumiza mtu kama kilicho kikubwa mno.

Mwezi huu twawaomba kila nyumba ichague mtoto mmoja na kazi moja: kusoma, kushona, kusuka, kuhesabu fedha za sokoni, yoyote iliyo karibu. Kateni daftari la kurasa nne. Siku ya kwanza andikeni awezalo leo, bila ya kulipamba wala kulilaumu. Kisha robo saa kila siku, na kila Jumamosi andikeni tena. Kabla ya mwezi kuisha, asiwepo katika nyumba hiyo mtu wa kutamka lile neno la kwanza, hata azisome zile kurasa nne tangu mwanzo.